Prosesa Mbili za Zamani: Ipi Iwekwe Nyumbani?

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea habari za jiko, za malezi na za matumizi ya mshahara. Leo naomba nafasi niseme juu ya chombo kidogo, ambacho upana wake hautimizi hata sentimita nne, lakini kimekwisha kuingia majumbani mwetu na kuzusha mabishano baina ya wazazi na watoto. Chombo hicho ni prosesa ya kompyuta. Nazungumza hasa na nyumba za askari na polisi, ambako baba aghalabu yupo kituo cha mbali, mama ndiye mtunza hazina, na kompyuta, kama ipo, ni moja tu, tena ilikwisha kutumika ofisini miaka mingi kabla ya kufika sebuleni. Kompyuta hiyo moja ina mabwana wengi. Mtoto aitaka kwa michezo, mama aitaka kwa hesabu, na baba akirudi likizo aitaka kwa picha na barua zake. Kwa hiyo anayeigusa prosesa yake amegusa mali ya watu wote wa nyumba hiyo.

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote za kompyuta. Ile iitwayo ya viini vinne ni mfano wa ofisi yenye makarani wanne: kazi ikigawanyika vizuri, wote wanne huandika kwa pamoja, kazi isipogawanyika, mmoja huandika na watatu humtazama. Katika maduka ya vitu vilivyotumika hapa Gitega, na hata Muyinga ambako bidhaa nyingi huingia kwa mpaka wa Kobero, prosesa mbili za namna hii bado huonekana na bado hubishaniwa na vijana wapendao michezo.

Ya kwanza ni Intel Core 2 Quad Q6600. Ilitoka Januari 2007 kwa bei ya dola 851, lakini ilipofika Julai mwaka huohuo bei ikashushwa hadi dola 266, na hapo ndipo ilipopata sifa kubwa duniani. Ya pili ni Q9550 ya kampuni hiyohiyo, iliyofuata Machi 2008 kwa dola 530. Q6600 hupiga mapigo ya gigahezi 2.4, yaani bilioni 2.4 kwa kila sekunde. Q9550 hupiga gigahezi 2.83. Ya kwanza imechorwa kwa ufundi wa nanomita 65, na ya pili kwa nanomita 45, ambao ni mwembamba zaidi na hutumia umeme vizuri zaidi. Akiba ya karibu, ile ambayo mafundi huiita kashe, ni megabaiti 8 kwa Q6600 na megabaiti 12 kwa Q9550. Zote mbili hukaa katika tundu la aina moja, liitwalo LGA775. Lakini hiyo haina maana kwamba kila ubao mkuu wenye tundu hilo utaikubali Q9550. Hapana budi kwanza kutazama orodha ya mtengenezaji wa ubao.

Sasa tuje kwenye jambo linalowavuta vijana, yaani kuzidisha mwendo wa prosesa kupita kipimo cha kiwanda. Mwendo wa prosesa hizi hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Namba ya kwanza ni mapigo ya njia kuu iunganishayo prosesa na ubao. Ya pili ni kizidisho kilichofungwa ndani ya prosesa yenyewe. Q6600 ina njia ya megahezi 266 na kizidisho cha 9, ndiyo maana hufika gigahezi 2.4. Q9550 ina njia ya 333 na kizidisho cha 8.5, hufika 2.83. Kizidisho hakipandi, bali mapigo ya njia hupanda ikiwa ubao unaruhusu. Mtu akiipandisha njia ya Q6600 kutoka 266 hadi 333, bila kununua kitu chochote, atakuwa na gigahezi 3.0. Akifika 400, atakuwa na 3.6. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno tamu la vijana: kasi ya bure.

Neno hilo lililetwa nyumbani kwangu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Muyinga, alipokuja Gitega kwa likizo ya shule. Baba yake ni askari polisi, na kazi yake haimweki nyumbani muda mrefu. Alikuwa amempa kijana huyo kiasi cha fedha kilichohesabiwa, akimwambia kwamba prosesa ya kompyuta yao imechoka, atafute nyingine kwa msaada wangu, na asirudi kuomba tena. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na Q6600 na Q9550. Ya pili ilikuwa ghali kuliko ya kwanza, na tofauti ya bei ilitosha kununua kishikio cha kuchezea. Kijana alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake.

"Mjomba," akaniambia, "tuchukue Q6600. Fundi mmoja amenieleza kwamba ukifunika kigusa kimoja cha chini kwa kipande chembamba cha utepe, ubao unadanganyika na kuipa njia ya 333. Tunapata 3.0, inaipita hata hiyo Q9550, na kishikio nanunua."

Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Hila hiyo ya utepe ipo na hufanya kazi katika baadhi ya mashine. Imebuniwa kwa sababu kompyuta za ofisini, kama vile Dell OptiPlex na HP Compaq, kwa kawaida hazimpi mwenye mashine nafasi ya kubadilisha mapigo wala volti katika BIOS, yaani ile programu ya awali iamkayo kabla ya nyingine zote. Kompyuta ya dada yangu ni ya jamii hiyo. Lakini palikuwa na habari nyingine ambayo fundi yule hakuijua. Katika kompyuta hiyohiyo dada yangu huandika daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akina mama wa mtaa, wengi wao wake wa askari na wajane, huleta walichonacho kila juma, na kila mmoja huandikiwa alichotoa, alichokopa na anachodaiwa.

Sikumkatalia kijana, maana katazo lisilo na sababu humfanya mtoto atende kwa siri. Nilimwomba mfanyabiashara aniazime ile Q9550 kwa siku chache, nikamwachia dhamana. Q6600 ninayo mwenyewe, tena ile yenye maandishi SLACR juu ya kifuniko chake. Maandishi hayo yana faida kwa mnunuzi: Q6600 za mwanzo, zenye maandishi SL9UM, zilipangiwa joto la wati 105, na hizi zilizofuata zilipangiwa wati 95, sawasawa na Q9550. Ubao wangu ni wa Gigabyte wenye chipu za Intel P35, nao humruhusu mwenyewe kubadilisha atakacho. Basi tukawa na uwanja mmoja wa kushindanisha prosesa mbili, kwa memori ileile, kadi ya picha ileile na feni ileile.

Tukaanza na Q6600 katika mwendo wake wa kiwanda, kisha tukaipandisha hadi 3.0. Ilikubali bila kuongezewa volti. Mchezo wa mpira wa Pro Evolution Soccer 2013 ulikwenda laini katika hali zote mbili, wala kijana hakuweza kusema kwa macho yake ni upi mwendo wa kiwanda na ni upi uliozidishwa. Sababu yake ni nyepesi. Kioo chetu huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kompyuta ilikuwa imekwisha kuzifikia kabla hatujaongeza kitu. Mchezo wa Grand Theft Auto IV, uliotolewa kwa kompyuta Desemba 2008 na ambao huila prosesa kuliko kadi, ndio ulioonyesha tofauti: katika barabara zenye magari mengi, mwendo wa 3.0 ulipunguza mikwamo. Tulipoiweka Q9550 bila kuigusa, katika 2.83 yake ya kiwandani, ikacheza mchezo huohuo kiasi ambacho sisi wawili hatukuweza kuitofautisha na Q6600 iliyokazwa. Ufundi wake mpya na kashe yake kubwa huiwezesha kufanya kazi zaidi kidogo katika kila pigo.

Kijana akanyamaza, lakini hakukata tamaa. "Basi, Mjomba, tuipeleke Q6600 hadi 3.6 tuone."

Tukaipeleka. Hapo haikukubali mpaka ikaongezewa volti, kutoka 1.25 hadi 1.40. Na hapa, ndugu msomaji, nakuomba uchukue kalamu. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sawasawa na mwendo, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Mwendo umepanda mara 1.5. Volti imepanda mara 1.12, na kipeo chake cha pili ni kama 1.25. Zidisha, utapata karibu 1.88. Yaani kasi imeongezeka nusu, lakini joto limekaribia kuwa maradufu: prosesa ya wati 95 yaelekea wati 179. Nyongeza hiyo ya wati 84, kwa saa tano kila siku, ni yuniti 12.6 kwa mwezi katika mita ya kulipia kabla. Kila mama anayenunua umeme ajua yuniti hizo zingewasha taa ngapi.

Hali ya hewa ya Gitega ilitusaidia. Mji wetu uko juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kuliko wa Bujumbura kando ya ziwa. Kwa hiyo joto halikutushinda usiku ule. Mchezo ulichezwa zaidi ya saa nzima bila kukwama, na kijana akanitazama kwa uso wa ushindi. Ndipo nilipofungua programu iitwayo Prime95. Kazi yake ya asili ni kutafuta namba tasa kubwa mno, lakini mafundi huitumia kuijaribu prosesa, kwa kuwa huipa hesabu ngumu ambazo majibu yake yamekwisha kujulikana. Haikupita nusu saa, kiini kimoja kikatoa jibu lisilolingana. Kompyuta haikuzimika. Kioo hakikubadilika. Muziki wa mchezo ungeendelea kama ungekuwapo. Ila hesabu ilikuwa ya uongo.

"Lakini mchezo haukukwama, Mjomba," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikamjibu kwamba mchezo husamehe. Rangi ya jani moja ikikosewa, au kivuli kimoja kikipotea, hakuna atakayekiulizia. Daftari la mama yako halisamehe. Tarakimu moja ikibadilika wakati faili linahifadhiwa, mjane mmoja ataambiwa hajalipa alicholipa, na mama yako ndiye atakayesimama mbele ya wenzake. Nikaongeza, ili nisimdhulumu, kwamba katika 3.0 Q6600 yangu ilijaribiwa usiku kucha na haikukosea hata mara moja. Lakini ile ni Q6600 yangu, juu ya ubao wangu. Prosesa mbili za jina moja hazilingani uvumilivu. Na kompyuta ya ofisini iliyodanganywa kwa utepe haina mahali pa kuongeza volti kidogo wala kupunguza mwendo wa memori ikiwa itayumba. Tena kisanduku chake cha kugawa umeme kilipimwa kwa mahitaji ya karani, si ya mchezaji.

Jioni ile tulimpigia simu baba yake. Shemeji alisikiliza hoja zote mbili, maana kijana alizieleza kwa uaminifu, pamoja na habari ya kishikio. Kisha akajibu kwa maneno machache: "Fedha za watu hazilindwi na mashine inayobahatisha. Lakini aliyeifanya kazi ya kupima ni yeye. Na achague yeye, nami nitajua ameelewa nini." Kijana hakulala mapema. Asubuhi akasema tumlipe mfanyabiashara ile Q9550. Hakusema kwa furaha, na sikumtaka afurahi. Kishikio alikuwa amekiota tangu mwanzo wa muhula, na alijua kwamba fedha ile haitarudi tena mwaka ule.

Tulisafiri pamoja kupitia Karuzi mpaka Muyinga, prosesa ikiwa imefungwa ndani ya kisanduku chake ili vigusa visiguswe na kidole. Nilikuwa nimekwisha kuhakikisha kwamba ubao wa kompyuta ya dada yangu umo katika orodha ya zinazoikubali. Kabla ya kuiweka tulipuliza vumbi jekundu lililojaa katika mapezi ya kipoozaji, tukafuta dawa ya joto iliyokauka, tukapaka mpya kiasi cha punje moja ya maharage madogo. Kazi hiyo tu iliteremsha sauti ya feni hata dada yangu akauliza kama mashine imewaka. Kisha tukalinakili daftari la kikundi katika flashi mbili, moja ikabaki kwake na nyingine ikapelekwa kwa mweka hazina mwenzake. Kompyuta ile haina intaneti, na ni afadhali ikae hivyo.

Sasa niseme kwa wasomaji wote faida niliyoiona katika mambo haya.

Kwanza, ikiwa nyumba ina kompyuta moja yenye kumbukumbu za watu, na chaguo ni baina ya prosesa hizi mbili, chukua Q9550 uiache katika mwendo wa kiwanda. Ikiwa kuna mashine ya pili, ambayo ni ya michezo tu, yenye ubao unaoruhusu mabadiliko na kisanduku cha umeme cha kuaminika, Q6600 ya SLACR bado ni mwalimu mzuri kwa kijana. Apande hatua kwa hatua, ajaribu kila hatua kwa muda mrefu, na asimame katika 3.0. Q9550 nayo hupanda. Kwa njia ya 400 hufika gigahezi 3.4, lakini sharti la kupima ni lilelile. Joto la kifuniko lililowekwa na kiwanda kuwa mwisho ni nyuzi 71 kwa Q6600 hiyo na nyuzi 71.4 kwa Q9550, na mwenye busara hakai karibu na mpaka huo.

Pili, michezo mingi ya picha hutegemea kadi ya picha kuliko prosesa. Akiba ikipatikana, kadi kama GeForce GTX 750 Ti, iliyotoka Februari 2014, hutumia kiasi cha wati 60 tu, na nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa kompyuta ya ofisini hiyo ni nyongeza kubwa kuliko mapigo yoyote ya kukaza.

Tatu, tusijidanganye juu ya umri. Prosesa zote mbili hazina maagizo ya AVX, ambayo baadhi ya michezo mipya huyadai ndipo ifunguke. Q9550 ina maagizo ya SSE4.1 na Q6600 haina, jambo ambalo huipa ya kwanza uhai mrefu kidogo. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haimo katika mifumo iliyokusudiwa kwa prosesa hizi. Anayezinunua leo anunue kwa bei ndogo, kwa michezo ya enzi yake, na kwa kazi za nyumbani zisizotaka haraka.

Nne, na hili ni kwa wazazi. Mtoto apendaye kuzidisha mwendo wa mashine si mpotevu. Amejifunza kuzidisha, kupima joto, kulinganisha na kuvumilia. Mpe mashine ambayo ikiharibika hakuna atakayelia, umwombe akuonyeshe hesabu zake. Lakini mashine ya nyumba iwe na sheria yake, na sheria hiyo aelezwe sababu, maana anayejua sababu atailinda hata baba akiwa kituoni.

Dada yangu amenipigia simu juma lililopita kuhusu hesabu za mwisho wa mwezi, nazo zimelingana hadi faranga ya mwisho. Kijana bado anachezea kibao cha herufi, na vidole vyake, asema mama yake, vimezoea.